Posa Chini ya Mabati

Sisi watu wa Pwani twaijua barafu kwa sura mbili tu: ile inayopondwa kwa nyundo na kumwagwa juu ya nguru na changu ili wafike sokoni wakiwa na heshima zao, na ile ya ukwaju na ubuyu inayouzwa kwa watoto majumbani, mama mwenye friji akiwa ndiye benki ya mtaa mzima. Sura ya tatu, yaani theluji iliyokaa juu ya Kibo kwenye kimo cha mita 5,895, twaihesabu kuwa ni mali ya watalii. Huitazama kupitia dirisha la basi tukielekea Arusha, iwapo mawingu yametupa rukhusa, kisha tukarudi kwenye karanga zetu. Ama kwamba barafu yaweza kushuka yenyewe kutoka mbinguni, pasina umeme wala malipo, ikamkuta mtu mzima amevaa kanzu ya darizi na kofia ya viua, ameketi kwenye kiti cha ukweni, na mfukoni ana bahasha yenye kilemba cha baba na mkaja wa mama, ni jambo ambalo halikupata kunipitikia akilini hata siku tuliposhuka Issuna.

Issuna ni kata ya Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, kando ya barabara kuu itokayo Manyoni kwenda Singida mjini, juu ya uwanda wa kati wa nchi yetu, ambao umeinuka kutoka usawa wa bahari kwa kadiri ya mita 1,500. Na msomaji aliyezaliwa karibu na ufuo na aiweke hesabu hii kifuani, kwani itakuja kutufaa mawe yatakapoanza kudondoka. Nchi hiyo ni ya Wanyaturu, watu wa ng'ombe, mtama, uwele na alizeti, na msafiri wa basi huitambua kwa upepo wake usiochoka, kwa kuku wa kienyeji ambao sifa zao zimefika Dar es Salaam kabla yao, na kwa mafuta ya alizeti yanayopangwa barabarani katika madumu ya manjano. Mvua yao ni ya msimu mmoja, huanza Novemba ikielekea Desemba na kukoma Aprili, na aghalabu ni chache. Hata tulipoambiwa twende katikati ya msimu huo hatukuona haja ya kuchukua chochote cha kujikinga, ila mwavuli mmoja wa shemeji yangu, ambao aliuchukua kwa sababu ulilingana rangi na mkoba wake.

Sababu ya safari yetu kutoka Tanga ilikuwa njema. Mtoto wa marehemu dada yetu, aliyepangiwa kazi ya ualimu katika kata hiyo, alitutumia ujumbe mrefu wa simu, na baada ya kuulizia afya ya kila mtu hadi ya paka, akatamka kwamba amempata binti wa Kinyaturu na kwamba wazee wa binti wako tayari kutupokea. Wajumbe wakateuliwa: kaka yangu mkubwa awe kiongozi kwa umri wake, mkewe aende kwa mambo ya akina mama, nami niwe mshenga kwa sababu, kama walivyosema bila ya kunipa nafasi ya kujitetea, sina haya. Juu ya kaka yangu yanipasa niseme neno moja, maana pasipo neno hilo masaibu yetu hayaelezeki. Yeye ni mtu wa maneno machache mno, ila amejaliwa kipaji cha kutikisa kichwa polepole, macho yamefumbwa nusu, kwa namna inayomfanya kila anayezungumza naye aamini kwamba amesema la hekima. Na kwa kipaji hicho peke yake, pasina elimu kubwa wala mali, amefika kuwa mwenyekiti wa kamati ya msikiti na mwamuzi wa magomvi ya mtaa mzima.

Baba wa binti alitupokea kwa bashasha na taadhima, na kabla hatujaketi akatuzungusha kutuonyesha nyumba yake mpya: kuta za tofali za kuchoma, madirisha ya vioo, na juu yake mabati mekundu yaliyong'aa hata ukadhani jua limekuja kujitazama. Dari haikuwapo. Dari, alisema, ni ya mwakani, alizeti ikikubali. Hatua chache kutoka hapo, upande wa pili wa ua, lilikuwapo tembe la mama yake mzazi, yaani nyumba ya asili ya nchi ile na ya majirani zao Wagogo: kuta fupi za miti na udongo, paa lisilo na mteremko, magogo yamelazwa juu ya nguzo, fito juu ya magogo, na udongo umeshindiliwa juu ya fito, hata mbuzi aweza kutembea juu yake pasina kumwomba mtu radhi. Mzee alilipita tembe hilo kwa haraka kidogo, akasema kwa sauti ya chini kwamba amemsihi sana mama ahamie nyumba kubwa, na mama amekataa, na wazee tena ndivyo walivyo.

Mwalimu Nyerere, alipoandika mwaka 1977 tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, alilalamika kwamba watu wamepumbazwa na saruji na mabati, hata hawataki kusikia habari ya tofali za kuchoma na vigae vinavyotoka katika udongo wao wenyewe, ilhali kigae kinalishinda bati kwa kila hali. Nina yakini kwamba wananchi waliisoma tathmini hiyo kwa utiifu, wengi wao wakiwa wameketi chini ya mabati, wakaitikia kwa kichwa kwa namna ya kaka yangu, kisha wakaenda dukani kununua mabati mengine. Wala siwalaumu. Bati ni cheo. Huonekana kutoka barabarani, na hakuna mkwe aliyepata kusifiwa kwa udongo.

Tukaketishwa sebuleni. Jua lilikuwa kali, hewa imesimama, jambo lililowashangaza wenyeji wenyewe, maana Singida bila ya upepo ni Tanga bila ya minazi. Zikaletwa soda, kreti nzima, zilizonunuliwa kwa ajili yetu. Na shemeji yangu, ambaye amelelewa mtaa wa watu wasemao wanalolitaka, akaomba yake iwe baridi. Pakawa na kimya cha aibu. Mama wa binti akaeleza kwamba friji ipo, ila umeme umeondoka tangu alfajiri, na akatuombea msamaha kana kwamba yeye ndiye aliyeuondoa. Tukanywa soda zilizokuwa na joto la siku nzima, huku kaka yangu akitikisa kichwa kuzisifu.

Kwa desturi ya kwetu mwoaji haonekani siku ya posa, bali mpwa wangu alikuwapo, ameketi karibu na mlango, amevaa tai, akitokwa na jasho. Upande wao msemaji alikuwa mjomba wa binti, mtu mrefu mwenye kifua cha kupigia mbiu, aliyekalia kigoda cha miguu mitatu ijapokuwa makochi yalikuwa matupu. Tukapeana salamu za mwanzo, nikatoa dibaji yangu, niliyoitunga njiani tangu Chalinze na kuikariri hadi Manyoni, yenye ua lililoonekana bustanini na wageni walioomba kulichuma ua hilo kwa adabu. Na nilikuwa nimefika kwenye umande wa ua lenyewe, mahali pazuri kupita pote, ndipo likasikika bati limegongwa mara moja: pa!

Sote tukatazama juu. Mzee akasema ni watoto, akaomba radhi, akatoka nje kuwakemea. Tukamsikia akifoka kwa Kinyaturu kwa ufasaha mkubwa, likagonga la pili, la tatu, kisha ukelele wake ukakatika ghafula, akarudi ndani ameshika utosi, na mkononi ana jiwe la barafu lenye ukubwa wa kunazi, akalionyesha kwa kila mmoja wetu kwa zamu, kama mwendesha mashtaka anayeonyesha kizibiti. Kwa nyuma yake, kupitia mlangoni, nikaliona wingu lililokuwa limetujia tukiwa katika bustani yangu ya maneno: jeusi, zito, na tumboni lina rangi ya kijani ambayo sikupata kuiona katika wingu la heshima.

Wakati huohuo mbingu zikafunguka. Mpenzi msomaji ambaye hukupata kuwa chini ya mabati yasiyo na dari katika mvua ya mawe, sina namna ya kukuelezea kishindo kile, maana hata aliyekuwamo hakukisikia kwa masikio. Alikisikia kwa meno. Midomo ya watu ilikuwa ikifunguka na kufumba, na hakuna lililotoka. Mtu mwenye akili timamu angeliahirisha kikao. Lakini mjomba mtu alikuwa amekwisha kusimama kutaja mahari, na inavyoelekea katika nchi ile msemaji aliyesimama haketi mpaka aseme, akavuta pumzi, akapaza sauti, akainua mkono juu, nami nikiwa umbali wa hatua mbili nikashika neno moja tu: "... sabini!"

Ng'ombe sabini. Mahari kwao huhesabiwa kwa ng'ombe hata pale yanapolipwa kwa fedha, na bahasha yetu ilikuwa na thamani ya ng'ombe watano, wa sita tukimtarajia kwa mkopo wa chama cha akiba. Nikamtazama mpwa wangu; tai ilikuwa imemkaba. Nikamtazama kaka yangu ili tupeane shauri kwa macho, nikamkuta amefumba macho nusu, anatikisa kichwa polepole, kwa hekima, akiwa hakusikia hata herufi moja. Na upande wa pili wazee wamekwisha kuiona ishara ile, wanapongezana kwa kushikana mikono. Nikasimama kwa fadhaa, nikaviweka viganja vyangu mdomoni, nikapiga yowe ambalo lingesikika Pangani: kwamba sisi ni watu wa hali ya chini, na uwezo wetu ni sita.

Yaliyofuata yalinishinda kuyafahamu. Mjomba akaganda. Akamgeukia mzee, akamwambia neno sikioni. Mzee akashika kichwa, safari hii si kwa maumivu. Mama wa binti akatoka mbio chumbani, na ingawa sauti haikusikika, nikaiona dhahiri midomo ya wanawake watatu ikipiga vigelegele. Mjomba akaruka kigoda, akanikumbatia. Ilikuja kubainika baadaye kwamba yeye alisema "saba," na kwamba "sita" yangu, ilipopita katika kishindo kile, ilimfikia ikiwa imenenepa na kuwa "sitini." Kwa hiyo katika dakika ile, kwa hesabu zao, watu wa Tanga walioombwa ng'ombe saba walikuwa wamesimama kwa ghadhabu na kuapa kwamba hawatoi chini ya sitini, na kwa hesabu zetu, watu walioombwa wapunguze kutoka sabini hadi sita walikuwa wamekubali kwa furaha na kumkumbatia mshenga. Kila upande ukauona upande wa pili una kichaa cha heri, na huenda ndoa nyingi zimefungwa juu ya msingi dhaifu kuliko huo.

Kioo cha dirisha la mashariki kikavunjika, barafu ikaingia sebuleni na kutawanyika chini ya makochi. Mzee akatupa ishara kwamba tukimbilie tembeni kwa mama yake. Zikaletwa sufuria kutoka jikoni, kwani mvua ile haikuwa ya kukabiliwa kwa kofia ya viua. Kaka yangu akapewa sufuria ya pilau kwa heshima ya umri wake, ikamshuka hadi puani. Mimi nikapata sinia. Mjomba akageuza kigoda chake na kukivaa, miguu mitatu ikielekea mbinguni. Shemeji yangu akafungua ule mwavuli uliolingana na mkoba, na kabla hajavuka kizingiti ukabaki vyuma vitupu, akauvua mkoba wenyewe na kujitwika. Hivyo ndivyo ujumbe wa posa kutoka Tanga ulivyovuka ua wa ukweni: kwa mbio, kwa safu moja, tukilia mlio wa duka la bati. Katikati ya ua makubadhi yangu, ambayo ni ya ngozi na yalitengenezwa kwa ajili ya mchanga, yakakutana na barafu kwa mara ya kwanza katika aushi yao, nami sehemu ya njia iliyosalia nikaimaliza kwa kukaa. Yasemwa kwamba niliingia tembeni kwa miguu mbele, sinia likiwa bado kichwani, na kwamba mwendo wangu ulikuwa mzuri.

Ndani palikuwa na giza, harufu ya moshi na ya mtama, na kimya. Kimya hasa. Juu yetu, barafu ileile iliyokuwa ikilipua nyumba kubwa ilikuwa ikiangukia udongo mnene wa kushindiliwa, na kilichotufikia ni mnong'ono tu. Bibi wa binti alikuwa ameketi kwenye ngozi, anachambua mtama ndani ya ungo kwa kupapasa, hakusimama wala hakushangaa. Akatungoja tumalize kuhema, kisha akauliza kwa Kiswahili cha taratibu: "Mbona mnapigiana kelele hivyo, wanangu? Nimewasikia tangu huku. Huyu anataka saba, yule ana sita. Kigumu ni kipi?"

Nakiri sijui masikio yale yalitengenezwa kwa kitu gani. Pakapita kitambo, kila upande ukizihesabu upya zile furaha zake. Kisha bibi akahukumu: ng'ombe sita wataingia kwa wazee, na wa saba ni wake yeye, ila hamtaki akiwa na miguu, maana hana wa kumchungia. Anamtaka akiwa magogo. Magogo ya paa lake yameliwa na mchwa, udongo unataka kubadilishwa, na mwalimu huyu ni kijana mwenye mikono. Basi na aje na wenziwe wakati wa kiangazi, wakate miti, waliezeke tembe upya, na hesabu ya ng'ombe wa saba iishe hapo. Mzee akadakia kwa haya kwamba, mama, ikiwa ni paa, mimi mwenyewe nitakuwekea bati. Bibi akasema, "Ili nisisikie?"

Kisha akamgeukia kaka yangu, aliyekuwa ameketi penye kiza zaidi, akamwuliza kama wamekubali. Pakawa kimya. Akauliza tena. Kimya. Nami nilijua kilichokuwa kikitokea: kaka yangu alikuwa akitikisa kichwa, polepole, kwa hekima, katika giza ambamo hata mkono wako huuoni, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe kipaji chake kilikuwa hakina kazi. Mara ya tatu akatikisa kwa nguvu, sufuria ya pilau ikagonga nguzo, ikalia. "Tumekubali," akasema kaka yangu, na wenyeji wake wakasema kwamba sauti yake ni nzuri na ni ajabu kwamba haitumii.

Mawe yalipokwisha ikaja mvua ya kawaida, na kwa kuwa sitaki kuonekana nimehongwa na tembe yanipasa niseme kwamba, baada ya nusu saa ya mvua hiyo, lile paa la udongo lililotulinda likaanza kutoa tone moja la tope, lenye subira, lililoichagua kofia yangu miongoni mwa kofia zote. Bibi akasema, "Umeona? Ndiyo maana nataka magogo."

Tulipotoka nje, ardhi nyekundu ya Issuna ilikuwa nyeupe, kutoka kizingitini hadi ng'ambo ya barabara. Watoto walikuwa wamekwisha kuipokea hali hiyo bila ya mjadala: wengine wanarushiana, wengine wameijaza vikombeni na kuinyunyizia sukari, na mmoja amemtia kipande mjomba wake mgongoni kupitia ukosi, jambo lililotuonyesha kwamba kifua kile cha mbiu kilikuwa na sauti nyingine ya juu zaidi. Mama wa binti, ambaye kwa maoni yangu ndiye aliyekuwa na akili kupita wote siku ile, alichukua koleo, akaisomba barafu na kuijaza katika beseni kubwa, akazizika soda zilizobaki, na baada ya muda akamletea shemeji yangu chupa inayotoa jasho, akaiweka mbele yake bila ya kusema neno. Shemeji yangu akainywa yote. Ama jogoo aliyekusudiwa kwa ajili ya karamu yetu, alipotea katika tufani, na akaja kuonekana chini ya kitanda cha bibi, naye bibi akasema aliyekimbilia kwake hatolewi. Basi tukala ugali wa mtama na mlenda, tukiwa watu wa Pwani tusiojua kuukata uzi wa mlenda, na kanzu ambazo zilikwisha kuona tope zikaona na hilo.

Kijana mmoja mwalimu, mwenziwe mpwa wangu, akapasua jiwe moja kwa kisu, akatuonyesha matabaka yake, moja jeupe na jingine angavu, akatufasiria: kwamba tone la maji hubebwa na hewa inayopaa ndani ya wingu refu, likafika penye baridi ya kugandisha, likavishwa koti la barafu, na kwa kadiri linavyokaa humo juu huzidi kuvishwa, mpaka uzito wake uushinde upepo unaolibeba. Katika nchi za joto kama zetu kimo cha kugandia ni mita 4,500 na zaidi. Kwa hiyo jiwe linaloshuka kuelekea Tanga lina safari ndefu ya joto na kwa kawaida hufika likiwa maji, ilhali linaloshuka Issuna limepunguziwa safari kwa mita 1,500 za uwanda. Ndivyo ilivyo pia kwa Kericho na Nandi Hills nchini Kenya, kwenye mashamba ya chai, ambako mvua ya mawe imehesabiwa kuwa ya zaidi ya siku 100 kwa mwaka. Na karibu na Nyahururu, Septemba 2008, ilifunika mteremko wa kilima hata watu wakatoka kuicheza wakidhani ni theluji, mpaka wataalamu wa hali ya hewa walipowaeleza ni nini.

Wakati akitufasiria hayo, baba wa binti hakuwa nasi. Alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba lake la alizeti, iliyokuwa imeanza kutoa maua, na mashina yalikuwa yamebaki yamesimama bila ya majani, vichwa vimevunjika shingo. Hatukuwa na la kumwambia. Mvua ya mawe si mchezo kwa mwenye shamba, wala si mchezo kwa mwenye nyumba dhaifu: Machi 2015, huko Mwakata, wilayani Kahama, iliangusha nyumba usiku na kuua watu zaidi ya 40. Kaka yangu alikwenda akasimama kando ya mzee kwa muda mrefu. Nadhani hapo kutikisa kichwa kulifaa.

Tuliporudi Tanga nikaieleza habari hii barazani baada ya sala ya isha, na kwa hadhari nikatoa picha niliyoipiga kwa simu, inayoonyesha ua mweupe na kaka yangu amesimama katikati amevaa sufuria. Sufuria waliiamini papo hapo. Barafu wakaikataa. Mmoja akasema ni chumvi, kwani Singida kuna ziwa la maji ya chumvi na yeye analijua. Mwingine akasema ni mchele umemwagika. Mvuvi mstaafu, anayeheshimiwa sana, akauliza ikiwa barafu anayoinunua asubuhi hufa kabla ya adhuhuri ndani ya sanduku lenye kifuniko, hiyo ya Singida iliishije uchi juani. Nikajifariji kwa kumkumbuka Johannes Rebmann, mmisionari aliyekuwa akikaa Rabai, ambaye tarehe 11 Mei 1848 aliiona theluji ya Kilimanjaro kwa macho yake, akaandika, na habari zilipochapishwa mwaka 1849 akakanushwa na mabingwa wa jiografia wa London, kinara wao akiwa Desborough Cooley, mtu ambaye hakupata kuikanyaga nchi hii lakini alijua kwa yakini kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Hata Baron von der Decken alipoupanda mlima huo mwaka 1862 na kunyeshewa theluji, Cooley alishikilia lake. Rebmann hakuwa na simu yenye kamera. Mimi ninayo, na nimeona kwamba kuikosa hakukumnyima kitu.

Ndoa ilifungwa baada ya mavuno, yaliyokuwa machache. Mpwa wangu na walimu wenziwe walikata magogo, wakaliezeka tembe upya, na bibi akalikagua kwa kupanda juu yake yeye mwenyewe na kumtembeza yule jogoo. Dari ya nyumba kubwa haijawekwa hadi leo, kwa sababu ilikuwa ni ya alizeti ya mwaka ule. Nami nawaomba wazee wenye mabinti, wa Singida na wa kwingineko, mnapojenga sebule ya kupokelea posa: wekeni dari kwanza, makochi yaje baadaye.